Kusanifu Programu Kabla ya Kuandika Msimbo: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayeanza

Mpwa wangu anasoma stashahada ya teknolojia ya habari, mwaka wa pili, na likizo iliyopita alinijia nyumbani Chumbageni, Tanga, akiwa na programu aliyokusudia kuwapelekea madalali wa samaki wa soko la Deep Sea. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mjomba, inafanya kazi, lakini nikigusa hapa panavunjika kule." Tulikaa nayo jioni nne. Hatua ninazoziandika hapa ni zile tulizopitia, ila nimezipanga kama ambavyo angepaswa kuzifuata tangu mwanzo. Mwanafunzi anayezisoma na awe na kazi yake mwenyewe mkononi, kwa kuwa usanifu wa programu haushikiki kwa kukariri majina ya ruwaza, yaani mitindo ya usanifu inayojirudia.

Hatua ya kwanza: sikiliza maneno ya kazi

Chukua daftari na kalamu ya risasi, uende mahali kazi inapofanyika, na uandike maneno ambayo wenye kazi wanayatumia, kisha uyafanye hayo hayo kuwa majina katika msimbo wako. Mpwa wangu alikuwa ameandika "mteja" kila mahali, kama alivyofundishwa darasani, lakini dalali ana wateja wa aina mbili: mvuvi anayemletea mzigo na mchuuzi anayeununua. Neno moja lilibeba watu wawili, na matokeo yake kamisheni ilikuwa inakatwa kwa mchuuzi wakati ilipaswa kukatwa kwa mvuvi. Alikuwa ameitafuta hitilafu hiyo katika hesabu kwa wiki nzima, na hesabu haikuwa na kosa lolote.

Hatua ya pili: chora mchoro mmoja

Weka programu yako katikati kama kisanduku kimoja, kisha uwazungushie watu wanaoitumia na mifumo ya nje inayozungumza nayo. Simon Brown, aliyebuni namna ya kuchora iitwayo C4, ana ngazi nne za michoro. Mwanafunzi anahitaji mbili za juu tu, kwa sababu zile za chini huchakaa kila msimbo unapobadilika. Mimi huchora kwenye karatasi ya mraba na sioni haja ya programu ya kuchorea mpaka mchoro uwe umefutwa angalau mara tatu.

Hatua ya tatu: andika sifa kwa namba

"Programu iwe na kasi" ni matumaini tu, kwa kuwa hakuna awezaye kuyapima. Andika hivi: karani akiwa ufukweni bila mtandao, aweze kurekodi mauzo moja kwa chini ya sekunde 10, kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili umeshika samaki. Angalia pia siku zenyewe zinavyotofautiana. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mzigo hupungua, kwa hiyo wastani wa mwezi hautakusaidia. Sanifu kwa kuzingatia asubuhi ambayo mashua zote zimerudi zimejaa.

Hatua ya nne: kata programu katika moduli

Jioni mbili kati ya zile nne ziliishia hapa, na yeyote anayesoma kwa haraka namwomba apunguze mwendo.

Mpwa wangu alikuwa ameikata programu yake katika moduli, yaani vipande vya msimbo ambavyo kila kimoja kina kazi yake, kwa kufuata safari ya samaki: moduli ya kupokea, ya kupima, ya kunadi, ya kulipa na ya ripoti. Ukiutazama mkato huo unaona una akili, na ndio karibu kila anayeanza huuchagua, kwa sababu unafanana na maelezo ambayo mtu hukupa ukimwuliza kazi yake inaendaje. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alichapisha makala iliyochukua programu ndogo moja na kuikata kwa njia mbili: ya kwanza kwa kufuata hatua za uchakataji, na ya pili kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, ili kila moduli ifiche uamuzi mmoja na wenzake wasiujue. Njia zote mbili zingetoa programu inayofanya kazi. Tofauti ilionekana katika mabadiliko: katika mkato wa kwanza, kubadili namna data inavyowekwa kuligusa karibu kila moduli, na katika wa pili kuligusa moja.

Yaliyotupata sisi ni hayo hayo. Jedwali la mauzo lilikuwa na safu iitwayo `kilo`. Moduli ya kupima iliijaza, ya kunadi iliizidisha kwa bei, ya kulipa iliizidisha tena kwa uhakika zaidi, na ya ripoti iliijumlisha. Kisha dalali mmoja akamweleza kijana kwamba pweza hupimwa kwa kilo, dagaa huuzwa kwa ndoo, changu wadogo kwa fungu, na nguru mkubwa hunadiwa peke yake. Tulipolitafuta neno `kilo` katika msimbo, lilijitokeza mara 41.

Dawa yake ni hii. Gawa ukurasa kwa mstari, na upande wa kushoto uorodheshe mambo yanayoweza kubadilika. Sisi tulipata matano: kipimo cha mzigo, kanuni ya kamisheni na ushuru, njia ya malipo, mahali pa kuhifadhi data, na sura ya ripoti. Upande wa kulia, kila jambo lipe moduli moja inayolijua. Moduli ya Mzigo sasa ndiyo pekee inayofahamu kama kitu ni kilo, ndoo au fungu, na wengine huiuliza mambo mawili tu: `thamani(bei)` na `maelezo()`. Ripoti huandika "ndoo 3 za dagaa" bila yenyewe kujua ndoo ni nini, na mwezi ujao wakianza kuuza kwa tenga, Ripoti haitaguswa.

Yapo mambo manne ya kuchunga. Kwanza, usifiche kila kitu, maana programu ndogo yenye moduli ishirini zinazongojea mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaomba ni mzigo kuliko ile ya `kilo`. Waulize wenye kazi ni nini kimebadilika katika miaka miwili iliyopita, na majibu yao yakuongoze. Pili, moduli nyingine ikisoma moja kwa moja jedwali la Mzigo katika hifadhidata, hujaficha chochote, hata kama umeandika kiolesura (mlango ambao moduli nyingine huulizia) kizuri namna gani. Tatu, usidanganyike ukaigawa programu ya kwanza katika huduma ndogondogo zinazozungumza kupitia mtandao. Programu moja, hifadhidata moja, moduli zilizotengana vizuri ndani yake: hiyo inatosha kwa kazi karibu zote ambazo mwanafunzi ataziona, kwani ukikosea mkato ndani ya programu moja utahamisha faili, lakini ukikosea kati ya seva mbili utakuwa na kosa la mkato na la mtandao kwa pamoja.

La nne ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe usiku tatu, miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa naandika kwa lugha ya Python programu ya tiketi za mabasi ya Pangani. Moduli ya Tiketi iliiita Malipo kujua kama abiria amelipa, na Malipo ikaiita Tiketi kujua nauli. Python ikakataa kuzipakia. Nikahamisha tamko la kupakia (`import`) nikaliweka ndani ya kitendaji (function), hitilafu ikatoweka, nikalala kwa furaha. Kesho yake nilipotaka kuijaribu Malipo peke yake nikagundua kuwa haiwezekani, kwa sababu ilikuja na Tiketi, na Tiketi ikaja na ratiba nzima ya mabasi. Ponyo lilikuwa kuisahaulisha Malipo habari za tiketi: ipokee kiasi na namba ya kumbukumbu, basi. Kwa hiyo chora mshale kutoka kila moduli kwenda ile ambayo moduli hiyo huiita, kisha ufuate mishale kwa kidole. Kidole kikirudi pale kilipoanzia, una duara, na duara livunjwe kwenye karatasi kabla halijaingia katika msimbo. Mishale ielekee kwenye kile kisichobadilika mara kwa mara.

Hatua ya tano: hifadhi sababu

Mwaka 2011 mhandisi wa programu Michael Nygard alipendekeza kila uamuzi wa usanifu uandikwe katika faili fupi ya maandishi, nami nawashauri wanafunzi waiweke katika Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo. Huu hapa ni mmoja wa tuliouandika:

Uamuzi wa 3: Mauzo yaandikwe kwenye simu kabla ya kutumwa.
Hali: umekubaliwa.
Muktadha: mtandao hukatika ufukweni, na mnada haumsubiri mtu.
Uamuzi: simu yenyewe huyapa mauzo namba ya utambulisho, huyahifadhi katika SQLite (hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu), kisha huyatuma mtandao ukirudi. Seva ikipokea namba ambayo tayari inayo, haiandiki mara ya pili.
Matokeo: mnada hausimami na mauzo hayajirudii. Hata hivyo, jumla ya ofisini inaweza kuchelewa, na simu ikitumbukia majini kabla ya kutuma, mauzo yake yamekwenda nayo.

Sentensi hiyo ya mwisho kijana alitaka kuifuta kwa kuwa iliionyesha kazi yake vibaya. Nilimkatalia. Faili ya uamuzi ambayo haina hasara ndani yake imeandikwa kwa ajili ya kumpendeza msahihishaji.

Hatua ya sita: jaribu mchoro kwa badiliko moja

Chagua badiliko linaloweza kutokea kweli, kisha uhesabu moduli zitakazoguswa. Zikizidi mbili, rudi hatua ya nne. Sisi tulichagua wachuuzi kuanza kuchukua mzigo kwa mkopo. Katika mkato wa zamani badiliko hilo liligusa moduli nne; katika mpya liligusa Malipo na Ripoti. Jumamosi asubuhi mpwa wangu alianza kuandika msimbo upya, akaanzia Mzigo, na moduli ya ushuru akaiacha tupu kwa sababu alikuwa bado hajaonana na mkusanya ushuru.