Jinsi ya kulinganisha nadharia tatu kwa bodaboda ya umeme, Kisumu

Anza na swali linaloweza kujibiwa stejini, yaani kwenye kituo cha bodaboda: kwa nini mwendeshaji wa Kondele aache pikipiki ya petroli achukue ya umeme, au akatae? Kabla ya kuhoji mtu, andika jibu la kila nadharia kwa sentensi moja. Nadharia zenyewe ni tatu, zote juu ya jinsi kitu kipya kinavyopokewa na watu.

Everett Rogers (1962) hutazama sifa tano za kitu kipya: faida yake, kuoana kwake na maisha ya mtumiaji, ugumu wake, kama kinajaribika kidogo kidogo, na kama matokeo yake yanaonekana kwa majirani. Fred Davis (1989) hubakiza mbili: mtu aone kitamfaa, na aone ni rahisi kukitumia. Pinch na Bijker (1984) huuliza jingine kabisa: ni makundi gani yanahusika, na kila kundi linakiona kitu hicho kuwa nini? Mfano wao ni baiskeli. Tairi la upepo la Dunlop (1888) lilikuja kama dawa ya mtikisiko. Wanamichezo walilidharau mpaka lilipowashindia mbio.

Sasa tafuta zinapogongana. Hapo ndipo penye kazi. Kwa mfano, Davis alichunguza watumiaji wa kompyuta za kazini, na hutazama anachoona mtumiaji tu. Lakini stejini wengi huendesha pikipiki ya tajiri (mwenye pikipiki) na kumlipa kila jioni, hivyo mwendeshaji anaweza kuipenda ya umeme na asiipate. Mhoji yeye na tajiri wake kila mmoja peke yake. Watu 15 wanatosha kuanzia: waendeshaji 6, matajiri 3, mafundi 3, abiria 3. Usitoe asilimia kwa idadi hiyo.

Usiulize “ungependa?”, maana karibu kila mtu atakubali. Uliza: jana ulibadilisha betri mara ngapi, ulisubiri dakika ngapi, ulikosa abiria wangapi? Usihoji mbele ya mwenyekiti wa steji. Majibu yote yatafanana na lake. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuwasahau waliojaribu wakarudia petroli. Rogers mwenyewe aliandika juu ya kuacha baada ya kukubali, kwa hiyo kati ya wale 6, tafuta angalau 2 wa aina hiyo.

Mwishowe chora jedwali: kila ushahidi mstari wake, kila nadharia safu yake. Jaza “ilitarajia”, “inapingwa” au “haigusi”. Mstari wenye “ilitarajia” kote ufute, hautofautishi chochote. Safu iliyojaa “haigusi” usiiite kushindwa: nadharia hiyo iliulizwa swali lisilo lake.