Kupe hawashibi kwa kila ng'ombe

Wafugaji wenzangu, kama una Friesian (ng'ombe wa maziwa wa kizungu) na zebu (ng'ombe wa nundu) zizi moja hebu chungulia ndani ya masikio na chini ya mkia, Friesian utamkuta na kupe wamevimba kama mbegu za mnyonyo ila zebu, kama Boran, wachache tu tena vidogo. Sio bahati, zebu manyoya yake mafupi yamelala, anajilamba sana, halafu ngozi ikishang'atwa mara kadhaa inawajua, inawasha palepale na kupe hanyonyi akashiba. Sifa hii inarithiwa, kwa hiyo ukienda mnadani kutafuta dume la mbegu anza na masikio yake. Lakini josho usiache, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haisubiri kupe wawe mia.