SOMO: Kuanza kuongea na kiziwi kwa mikono

Habari wadau. Wengi mnaulizia alama za maneno, lakini bila msingi huu utachezesha mikono tu na hutaeleweka.

1. Mwite kwanza. Mguse begani kidogo, au punga mkono pale anapoweza kuuona. Usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, maana atakuona kivuli kitupu.

2. Jifunze herufi za vidole. Hizi ni za kutajia majina ya watu na mahali, si za kuongelea kila kitu. Tuchukue jina Asha. A: kunja ngumi, dole gumba likae ubavuni mwa ngumi. S: ngumi ileile, ila dole gumba lipite mbele ya vidole. H: kidole cha shahada na cha kati vinyooshwe pamoja vikielekea pembeni. Kisha A tena. Hapo kwenye A na S ndipo wanafunzi wanapochanganya, kwa hiyo rudia mpaka dole gumba lizoee. Mkono utulie karibu na bega, usiurushe kila herufi.

3. Kila alama iangalie kwa umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Kimoja kikibadilika, unaweza kuwa umesema neno lingine kabisa.

4. Tumia uso. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda ni swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, unauliza nani, wapi, kwa nini. Ukikausha uso, swali lako linaonekana taarifa. Mimi ningeanza kufundisha hapa kabla hata ya herufi!

MASWALI YA WADAU

Mkuu, si lugha hii ni moja dunia nzima?
– Hapana. Kenya wana yao, na Katiba yao ya 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Waingereza hutaja herufi kwa mikono miwili, Wamarekani kwa mmoja.

Mimi natumia kushoto, nitaeleweka?
– Vizuri tu. Ila usibadilishe mkono katikati ya maongezi.

Akija na mkalimani nimtazame nani?
– Kiziwi. Usimwambie mkalimani "mwambie hivi". Ongea na mwenyewe.

Nikajifunzie wapi?
– Kaulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Video zinasaidia, lakini hakikisha ni za alama za Tanzania. Nyingi zilizozagaa mtandaoni ni za Marekani.