Usibaki peke yako na mtoto: tulivyopanga zamu huku kwenye mawe ya Mabatini

Naandika hii kwa mama au baba mwenye mtoto wa selimundu, mtindio wa ubongo au kifafa ambae kila kitu anafanya mwenyewe, maana mimi nimekaa hivyo miaka 3 na nilikua naisha. Wa kwangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Tunakaa Mabatini, Mwanza, huku juu kwenye mawe, bodaboda inaishia chini kabisa, sasa usiku mmoja maumivu yakambana nikambeba mgongoni nikashuka na tochi ya simu, mdogo wake nimemwacha ndani amelala bila mtu mzima. Kesho yake jirani ananiuliza mama Kulwa mbona hukunigongea? Kumbe sikuwahi hata kumwambia mtoto anaumwa nini.

Bas anza hapo, waambie watu. Sio mtaa mzima, tafuta watano au sita: jirani ambae mlango wake unautazama wako, kijana mmoja mwenye nguvu, bodaboda asiezima simu usiku, mama anaeshinda nyumbani, na balozi wenu wa nyumba kumi ajue. Na usiseme "naomba mnisaidie", hio kila mtu ataitikia afu hakuna atakaekuja. Mpe kila mtu kazi yake kwa jina. Wewe unabeba mtoto mpaka barabarani, wewe unabaki na wadogo zake, wewe unapiga simu.

Kitu tulichochelewa kukijua ni mwezi. Akina baba wengi huku wanaenda dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali ndo wanapumzika nyumbani. Kwahiyo zamu zetu za mwanzo zilikufa kwasababu tuliwapanga wabebaji bila kuangalia, giza likiingia wote wako ziwani. Sahizi tuna zamu mbili, ya giza na ya mbalamwezi, na ya giza tunawategemea vijana wa bodaboda na wanaouza pale sokoni.

Afu kuna daftari. Nunua kauntabuku, andika dawa anazotumia, kiasi na saa, tarehe za kliniki, namba za simu, na vile vitu ambavyo ni wewe tu unavijua, mfano mtoto wa jirani yangu mwenye mtindio haongei ila akitaka kitu anainua macho juu, mtu asiejua atakaa nae siku nzima anadhani mtoto hana shida. Daftari lining'inie mlangoni, lisifungiwe kabatini.

Ukurasa wa kwanza andika hatari kwa herufi kubwa. Selimundu: joto likifika 38.5 hakuna kusubiri kukuche, twende hospitali, na hivyohivyo akihema kwa shida, tumbo likivimba upande wa kushoto, akipauka ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea. Siku za kawaida maji mengi na asipigwe na baridi, upepo wa ziwa alfajiri sio mchezo, na kama yuko chini ya miaka 5 ile penisilini ya kumkinga na maambukizi, asubuhi na jioni, isirukwe. Kifafa: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, zikipita dakika 5 bado anatetemeka mkimbize. Na jamani lile povu haliambukizi, mshikeni mtoto! Tena asiachwe peke yake ziwani wala kwenye moto. Mtoto wa mtindio halishwi amelala chali, mkalishe kichwa kimenyooka, kijiko kidogo kidogo, akikohoa simama kwanza apumue.

Hela tunachanga 500 kila jumapili, anashika mmoja anaandika mwingine, ni ya nauli ya hospitali, Bugando au Sekou Toure, na chakula cha anaelala na mtoto, basi, haikopeshwi. Kikundi kikishasimama mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, halmashauri inatenga 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Na picha ya mtoto isirushwe kwenye magrupu ya watsap kuomba michango bila mzazi kukubali, mtoto atakua na ataiona.

Dada yake mkubwa msimsahau. Wa kwangu alikua anakosa shule kila mdogo wake akiumwa na mimi nilikua naona kawaida tu, inaniuma mpaka leo, sasa hivi siku hizo mama wa nyumba ya pili ndo anashika zamu na mwanangu anaenda shule.

Mkishapangana jaribuni mchana mtoto akiwa mzima. Pigianeni simu kama kweli, mbebeni mpaka barabarani mhesabu dakika. Sisi mara ya kwanza zilikua 19, tukagundua kuna jiwe moja linateleza pale kwenye kona, vijana wakaliwekea ngazi ya mifuko ya mchanga, tukarudia zikawa 11.