Uwe Umeketi Kabla ya Sauti ya Kwanza

Nilikulia Kisumu, mtaa wa Nyalenda, na kanda moja ya video ya The Lion King, ile filamu ya katuni ya simba. Ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka picha ikaanza kutetemeka, na mama aliipenda kuliko sisi watoto. Kwa hiyo dada yangu aliponialika London mwezi wa Juni, swali langu la kwanza lilikuwa Lyceum Theatre iko wapi. Huko ndiko hadithi hiyo inakochezwa jukwaani tangu 1999, miaka 2 baada ya kuanza New York. Tangu nirudi, watu wananiuliza mtu ajiandae vipi. Nitawaeleza, ila maandalizi yote yanaelekea jambo moja: taa zikizimwa, uwe umeketi na uko macho.

Mwanzo wa onyesho haurudiwi. Rafiki, yule nyani mganga wa hadithi, ambaye jukwaani ni mwanamke tofauti na kwenye filamu, anasimama peke yake na kupaza sauti kwa Kizulu. Anaitikiwa kutoka pembeni mwa ukumbi, halafu wanyama wanaanza kuingia, wengine wakipita katikati ya watazamaji. Twiga ni watu wanaotembea kwa mironjo ya miguu na ya mikono. Tembo alipita karibu na bega langu, nikaona miguu yake inabebwa na watu, kila mmoja akipiga hatua sawa na mwenzake. Mwongozaji, Julie Taymor, hakutaka kuwaficha waigizaji; nyuso zao zinaonekana pamoja na vinyago. Anayechelewa huzuiliwa mlangoni mpaka ipatikane nafasi ya kumwingiza, na haya yote yanampita.

Mimi nilinusurika kuyakosa kwa sababu ya jua. Sisi wa ikweta tunalisoma jua kama saa: likizama ni saa moja kasoro, mwaka mzima. London mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku. Onyesho lilikuwa saa moja na nusu, nami nilikuwa bado nazurura kando ya mto Thames, mwanga ukiwa kama wa saa tisa alasiri kule Dunga, kwetu Kisumu, moyo umetulia kabisa. Dada ndiye aliyenipigia simu. Tulikimbia. Weka kengele ya simu, na uwe mlangoni dakika 45 mapema, maana mifuko hukaguliwa. Usiende na sanduku la safari.

Halafu kuna usingizi. Majira ya joto London iko nyuma yetu kwa saa 2, na majira ya baridi kwa saa 3. Onyesho la usiku linaisha karibu saa nne kwao, mwili wako ukihesabu saa sita au saba. Ongeza safari ya ndege kutoka Nairobi, ambayo ni kama saa 9. Mimi nilienda usiku, lakini ningekushauri uchukue onyesho la mchana, lile la saa nane na nusu, na liwe angalau siku ya pili baada ya kufika.

Kuhusu viza sina mengi. Unaomba mtandaoni, si mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari, kisha unapanda Nairobi kutoa alama za vidole. Jibu kwa kawaida huchukua wiki 3. Usinunue tiketi ya onyesho kabla ya jibu hilo, kwani pesa ya tiketi kwa kawaida hairudishwi.

Tiketi yenyewe inunue kwenye tovuti ya onyesho au ya ukumbi. Mimi niliingia tovuti ya kwanza niliyoiona, ya wanaouza tena tiketi, nikalipa karibu maradufu, na hilo bado linaniuma. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile ya Visa ya kulipia mtandaoni, inalipia. Tafuta kiti cha sakafu ya chini kando ya njia, hata kama ni nyuma, kwa sababu wanyama hupitia hapo. Ukiona onyo kwamba mwono umezuiwa, acha hata kama bei ni nzuri.

Koti nililitoa mitumba ya soko la Kibuye, la sufu, zito. Lilinifaa sana nje, lakini ndani viti vimebanana na nililipakata kwa muda wa saa mbili na nusu. Sweta na koti jepesi la mvua vinatosha kiangazi. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo beba kadi ya benki ya kugusisha. Plagi zao ni kama zetu.

Jambo linalohitaji kujizuia ni kinywa. Vikundi vya setbook, yaani vya kuigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, vikija shuleni kwetu, tunawajibu waigizaji na kumzomea mbaya wa hadithi. Kule watu wananyamaza, simu zinazimwa, na hakuna anayeimba pamoja na jukwaa hata kama wimbo anaujua neno kwa neno. Inauma, hasa Kiswahili chako mwenyewe kikitamkwa pale juu na ukumbi mzima ukikifurahia. Yaweke yote mpaka mwisho, kisha simama upige makofi mpaka viganja viwake moto.

Na mwambie mapema mtu wa nyumbani utakayempigia ukitoka. Nilimpigia mama nikiwa kwenye ngazi za ukumbi, saa sita usiku Kisumu. Alipokea mlio wa kwanza. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza kama yule wa mwanzo aliimba vizuri.