Handaki la kale: ngome, zizi au mpaka?

Chukua mfano wa Bigo bya Mugenyi, eneo la mahandaki ya kale nchini Uganda, kusini mwa mto Katonga: mahandaki yake yana urefu wa zaidi ya kilomita 10 kwa jumla, mengine yamekatwa hadi kwenye mwamba.

Ili kujua handaki lilikuwa la kazi gani, anza na udongo uliochimbwa na kurundikwa kuwa tuta kando yake. Tuta likiwa upande wa ndani, adui hupanda kutoka chini kabisa ya handaki, na hapo ulinzi unaelekea kuwa jibu. Likiwa upande wa nje, tuta linampa adui kimo. Fikiria zizi au mpaka.

Kisha pima mapengo. Tembea mstari mzima ukiandika upana wa kila pengo, na uangalie kama handaki linakoma kwa ukingo uliochongwa (mlango uliokuwepo tangu mwanzo) au limefukiwa baadaye na njia ya ng'ombe. Milango mingi hudhoofisha hoja ya ngome. Urefu nao unasema: kilomita kadhaa zinahitaji walinzi wengi mno, lakini handaki linaloishia kwenye kinamasi pande zote mbili linaweza kuzuia mifugo bila askari hata mmoja.

Usiamini kina cha leo. Matope hujaza chini, kwa hiyo chimba mtaro mwembamba kukatiza handaki na tuta pamoja. Tafuta mkaa, ambao hupimwa ili kujua umri: ulio chini ya tuta ni wa kabla ya ujenzi. Ulio kwenye matope ni wa baadaye. Wengi huchanganya hivi viwili, na tarehe yote inaharibika.

Kazi zinaweza pia kubadilika: zizi la leo, mpaka wa kesho.