Kutoka majira ya joto hadi vuli huko Maine: bustani, akiba na matembezi kabla ya jalidi

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na Wakenya wamepata makao, hasa katika miji ya Portland na Lewiston, wiki zilizo kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba ndizo zinazoamua familia yenye bustani itakula nini mwezi wa Februari. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo mchicha ukiisha hupandwa mwingine, na ardhi haigandi kamwe. Ndiyo maana ni rahisi kuitazama bustani iliyosheheni kijani mwezi wa Septemba na kudhani kwamba muda bado upo, kumbe usiku mmoja tu unatosha kuimaliza.

Usiku huo ni ule wa jalidi, yaani baridi kali inayogandisha umande na maji ndani ya mimea. Maji huganda katika nyuzi 32 za Fahrenheit, yaani 0 za Selsiasi, na karibu na pwani ya kusini ya Maine jalidi ya kwanza hutarajiwa kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, ilhali kaskazini mwa jimbo na mabondeni hutangulia. Wa kuogopwa zaidi ni usiku wenye anga safi na upepo uliotulia, kwa sababu joto la ardhi hupaa bila mawingu ya kulizuia, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hukusanyika sehemu za chini. Utabiri ukitaja nyuzi 36 kwa usiku wa namna hiyo, funika mimea kwa mashuka makuukuu kabla ya jua kuzama, kisha uyaondoe asubuhi.

Mimea yetu haifanani mbele ya jalidi. Mchicha, kunde, maharagwe, bamia, nyanya, pilipili na majani ya maboga hunyauka na kuwa meusi asubuhi yake, kwa hiyo ivunwe mapema. Sukuma wiki, kwa upande wake, huvumilia, na huwa tamu zaidi baada ya baridi, kwani mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili kujikinga usigande. Tafadhali usiing'oe kwa haraka. Kwa maoni yangu, majani ya Oktoba ndiyo bora ya mwaka mzima.

Suala la mbegu linastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu mbegu za nyumbani haziruhusiwi kuingizwa Marekani ndani ya sanduku la safari bila kibali au cheti cha afya ya mimea, na anayezificha huhatarisha kunyang'anywa na kutozwa faini. Aliyefanikiwa kuotesha mchicha au managu (mnavu) hapa basi ana hazina, na aitunze. Aina nyingi za mchicha hutoa maua siku zinapokuwa fupi. Bakiza mimea michache yenye afya, kata masuke yanapoanza kukauka, yatundike ndani ya mfuko wa karatasi, kisha yapukuse na kuzipepeta mbegu kwa ungo. Kwa managu, chagua matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, acha mbegu zizame, zioshe na uzianike kivulini. Ziweke katika chupa iliyofungwa vizuri, mahali pakavu na penye ubaridi, ukiandika jina na mwaka. Ukiwa na za ziada, mgawie jirani, maana bustani yako ikiharibika mwakani, kwake ndiko utakakozipata tena.

Mboga za majani huhifadhiwa vyema kwenye friza, lakini zisitiwe mbichi. Zioshe, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 ikiwa ni mchicha au 3 ikiwa ni sukuma wiki, zihamishie mara moja kwenye maji yenye barafu, zikamue, kisha uzifungashe kwa kiasi cha mlo mmoja. Bila hatua hiyo vimeng'enya vya mmea huendelea kuharibu rangi na ladha hata ndani ya baridi. Nyanya ambazo hazijaiva huiva zenyewe ndani ya boksi pamoja na ndizi mbivu. Maboga yakatwe pamoja na kikonyo, yakaushwe ngozi mahali penye joto na hewa kwa siku 10 hivi, kisha yawekwe katika chumba kikavu chenye nyuzi 50 hadi 55 za Fahrenheit.

Wanaotaka kuhifadhi maharagwe, nyama au mboga za majani katika chupa za kioo wanisikilize vizuri: kuchemsha chupa hizo katika sufuria ya kawaida hakutoshi. Vijidudu vinavyosababisha sumu ya botulini hustahimili maji yanayochemka, na sumu yenyewe huweza kuua pasipo chakula kubadilika harufu. Chombo cha lazima ni sufuria maalumu ya mvuke wa shinikizo, iitwayo kwa Kiingereza pressure canner. Ofisi za ugani za Chuo Kikuu cha Maine hutoa maelekezo sahihi, na chuo hicho pia hupima udongo. Anayelima kando ya nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 aombe kipimo cha madini ya risasi, kwa kuwa rangi za zamani zilikuwa nayo, na watoto ndio wanaoumizwa zaidi.

Mwezi wa Oktoba panda vitunguu saumu: punje moja moja, ncha ikielekea juu, kina cha sentimita 5, halafu funika tuta kwa majani makavu, utavuna Julai. Funga na umwage maji ya bomba la nje kabla hayajaganda na kulipasua. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba kwa ajili ya kupasha joto, hata dirisha likiwa wazi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua waliolala.

Kazi hizi zisiwanyime watoto misitu. Majani ya miti ya mepo (maple) hugeuka mekundu na ya manjano kuanzia mwisho wa Septemba huko kaskazini, na katikati ya Oktoba karibu na pwani, ambako Hifadhi ya Taifa ya Acadia hupendeza mno. Mkirudi, kagua miili ya wote, hasa makwapani na nyuma ya magoti, kwani kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria, bado hutembea wakati wa vuli. Uyoga msiuchume kwa kufananisha na ule wa nyumbani: uko mweupe wa huku unaoharibu ini, na dalili zake huchelewa kwa saa nyingi. Novemba, wawindaji wa kulungu wanapotumia bunduki, vaeni fulana za rangi ya chungwa inayong'aa, au chagueni Jumapili, siku ambayo sheria ya Maine inakataza uwindaji.